Dorothea Lange: Mpiga Picha Aliyesogea Karibu

1. Tazama picha zako

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupigwa picha. Labda ulipigwa siku ya arusi, siku ya sikukuu, au siku ulipohitimu kisomo. Hebu toa picha ulizohifadhi nyumbani, za kwenye sanduku au za kwenye simu. Zitazame moja moja.

Katika picha moja utaona watu wamekatwa vichwa. Katika nyingine watu ni wadogo kama sisimizi, na mbele yao kuna uwanja mtupu. Katika nyingine shangazi yako amesimama vizuri, lakini mti ulio nyuma yake unaonekana kama umeota kichwani. Katika nyingine nyuso ni giza tupu, kwa sababu jua lilikuwa nyuma ya watu.

Watu husema kamera ni mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima. Kosa ni kwamba mpiga picha hakuipanga picha yake kabla ya kubonyeza. Kupanga picha ni kuamua kitu gani kionekane, kitu gani kiachwe, na kila kitu kikae wapi.

Leo utasoma habari za mama mmoja wa Marekani aliyejua sana kupanga picha. Jina lake ni Dorothea Lange. Jina la pili hutamkwa Lang. Picha yake moja ilipeleka chakula kwa watu wenye njaa. Lakini picha hiyo hiyo ilimwachia uchungu mama mwingine kwa zaidi ya miaka 40. Soma upate kujua sababu.

2. Utoto wake

Dorothea alizaliwa tarehe 26 Mei 1895 katika mji wa Hoboken. Mji huo uko ng'ambo ya mto, kuelekea jiji kubwa la New York. Ukoo wake ulitoka Ujerumani.

Alipokuwa na umri wa miaka 7 aliugua polio. Siku hizo chanjo ya polio haikuwepo. Alipona, lakini mguu wake wa kulia ulibaki dhaifu. Alichechemea maisha yake yote. Watoto wenzake walimcheka na kumpa jina la dhihaka.

Alipofika miaka 12, baba yake aliiacha familia. Mama yake alipata kazi katika maktaba ya New York. Maktaba ni nyumba ya kutunzia na kuazimia vitabu. Kila siku mama na mtoto walivuka mto kwa kivuko. Mama alikwenda kazini, mtoto alikwenda shule. Jioni Dorothea alipita katika mitaa ya watu maskini na walevi. Aliogopa, lakini alijifunza kutembea kimya bila kuvuta macho ya watu.

Pia alijifunza kutazama. Alitazama nyuso, mikono, nguo na mizigo ya watu. Hakuwa na kamera, lakini macho yake yalikuwa yameanza kazi.

Alipokuwa mtu mzima aliliacha jina la baba yake, akatumia jina la ukoo wa mama yake. Jina hilo ndilo Lange.

3. Anajifunza kazi

Alipomaliza shule, mama yake alitaka awe mwalimu. Dorothea alijibu kuwa atakuwa mpiga picha. Jambo hili lilishangaza, maana hakuwa na kamera na hakuwahi kupiga picha hata moja.

Hakukata tamaa. Alikwenda kuomba kazi kwa wapiga picha wa New York. Mmoja wao aliitwa Arnold Genthe. Huyu alimpa kazi, na pia alimpa kamera yake ya kwanza. Dorothea alijifunza kupokea wageni, kusafisha picha katika chumba cha giza, na kuondoa madoa kwenye picha. Mwaka 1917 alisoma kwa mwalimu mwingine, Clarence White. Mwalimu huyu alifundisha wanafunzi wake namna ya kupanga vitu ndani ya picha.

Mwaka 1918 Dorothea na rafiki yake waliondoka New York. Walitaka kuizunguka dunia. Walipofika San Francisco, mji ulio upande wa magharibi wa Marekani, mwizi aliwaibia fedha zao. Safari ikaishia hapo. Dorothea alitafuta kazi katika duka lililopokea filamu za kusafishwa. Baada ya muda mfupi alifungua studio yake mwenyewe. Mwaka 1920 aliolewa na mchoraji, Maynard Dixon, nao walizaa watoto wawili wa kiume.

Studio ilipata wateja wengi. Wengi wao walikuwa matajiri. Dorothea aliwaketisha mahali penye mwanga mzuri, akawapiga picha, wakamlipa. Maisha yalikuwa mema.

4. Foleni ya chakula

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Viwanda vilisimama. Benki zilifungwa na watu walipoteza akiba zao. Kufikia mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi.

Dorothea alitazama barabarani kutoka dirisha la studio yake. Aliona wanaume wakizurura bila kazi. Ndani ya studio alikuwa akipiga picha za matajiri. Nje kulikuwa na njaa. Aliona kuwa vitu hivi viwili havipatani. Mwaka 1933 alichukua kamera yake, akashuka barabarani.

Karibu na hapo palikuwa na mahali ambapo maskini waligawiwa chakula bure. Wanaume wengi sana walikuwa wamesimama wakingoja. Hebu fikiri, ndugu msomaji: ungekuwa wewe, ungepigaje picha ya umati ule? Wengi wetu tungerudi nyuma ili tuwapate watu wote. Tungepata kofia nyingi na migongo mingi, basi.

Dorothea alimtafuta mtu mmoja. Alimwona mzee aliyegeuka na kuwapa wenzake mgongo. Mzee huyo aliegemea uzio wa mbao. Alikuwa amefumbata mikono, na kikombe cha bati kilikuwa katikati ya mikono yake. Kofia yake ilikuwa imechakaa na ilimfunika macho. Watu wengine wote walitazama upande wa pili. Dorothea alipiga picha kutoka juu kidogo.

Ukiitazama picha ile, jicho lako linakwenda moja kwa moja kwa mzee na kikombe chake. Baadaye ndipo unauona umati. Unaelewa kuwa wote wana njaa kama yeye.

Hili ndilo somo la kwanza. Picha iwe na jambo moja kubwa. Jiulize kabla ya kubonyeza: Nataka watu waone nini kwanza? Ukishindwa kujibu, usibonyeze bado.

5. Anafanya kazi na wakulima

Miaka hiyo hiyo, mikoa ya katikati ya Marekani ilipata ukame mkubwa. Udongo ulikuwa umelimwa kupita kiasi, na majani yaliyoushika yalikuwa yameondolewa. Upepo uliinua vumbi hata mchana ukawa kama usiku. Mazao yalikufa. Tena, wenye mashamba walinunua matrekta, wakawafukuza wapangaji waliolima kwa mikono na wanyama. Maelfu ya familia walipakia vyombo vyao kwenye magari mabovu, wakahamia California kutafuta vibarua.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Paul Taylor, alikuwa akichunguza maisha ya wahamiaji hao. Aliona picha za Dorothea, akamwomba wafanye kazi pamoja. Taylor aliandika habari, Dorothea alipiga picha. Mwaka 1935 walipeleka taarifa serikalini. Taarifa ile ilisaidia kupatikana fedha za kujenga kambi zenye maji safi na vyoo kwa ajili ya vibarua. Ndoa ya kwanza ya Dorothea ilikuwa imevunjika. Mwaka huo huo wa 1935 yeye na Taylor walioana.

Idara ya serikali iliyosaidia wakulima maskini ikamwajiri Dorothea. Alisafiri kwa gari mwezi baada ya mwezi. Alipofika mahali hakuanza kupiga picha papo hapo. Alisalimia. Mara nyingine aliomba maji ya kunywa, akayanywa polepole. Watu walimwona akichechemea, wakamwonea huruma, wakamzoea. Wakisha kumzoea aliomba kuwapiga picha. Kisha alirudi garini na kuandika haraka maneno waliyomwambia.

Hili ni somo la pili. Mtu aliyeshtuka hukunja uso au husimama kama mlingoti. Mtu aliyekuzoea hukaa kama alivyo. Basi zungumza na mtu kwanza, kamera baadaye.

6. Kambi ya wachuma njegere

Sasa tufike kwenye picha iliyomfanya Dorothea ajulikane duniani.

Ilikuwa Machi 1936. Dorothea alikuwa peke yake katika gari, akirudi nyumbani baada ya safari ya mwezi mzima. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alikuwa amechoka. Karibu na mahali panapoitwa Nipomo, alipita kibao kilichoonyesha kambi ya wachuma njegere. Hakusimama. Alijiambia kuwa picha alizo nazo zinatosha. Lakini moyo wake haukutulia. Alipokuwa amekwenda karibu kilomita 32, aligeuza gari akarudi.

Katika kambi ile njegere zilikuwa zimeharibiwa na baridi kali. Hapakuwa na mavuno, kwa hiyo hapakuwa na kazi wala mshahara. Watu wapatao 2,500 walikuwa hapo bila chakula cha kutosha. Dorothea alimwona mama mmoja ameketi na watoto wake katika hema la turubai lililo wazi upande mmoja. Alimwendea.

Kamera yake ilikuwa sanduku zito. Mpiga picha aliishika usawa wa kifua au tumbo, akainamisha kichwa na kutazama ndani yake kutoka juu. Kila picha ilitumia kipande chake cha filamu, kwa hiyo hakuweza kupiga ovyo ovyo. Kwa muda wa kama dakika 10 alipiga picha chache tu. Picha saba zinajulikana leo.

Fuata hatua zake kwa makini, kwa maana hapa kuna mafunzo mengi.

Kwanza alipiga kutoka mbali. Katika picha hiyo unaona hema zima, vyombo, ardhi, na binti mkubwa ameketi kwenye kiti. Ni picha ya kweli, lakini macho yako hayajui yatue wapi. Vitu ni vingi mno.

Kisha alisogea. Vyombo vingine vikatoka ndani ya picha. Akasogea tena. Binti mkubwa akatoka. Akaendelea kusogea mpaka akabaki mama na watoto watatu tu.

Katika picha ya mwisho mama yuko katikati. Mtoto mchanga amelala mapajani pake. Watoto wawili wamesimama, mmoja kila upande, wameegemea mabega ya mama. Wamegeuza nyuso zao, hatuzioni. Ukiona nyuso tatu, jicho lako litagawanyika mara tatu. Hapa unauona uso mmoja tu mkubwa, uso wa mama. Mkono wake wa kulia umegusa shavu. Hatazami kamera. Anatazama mbali, kama mtu anayewaza kesho watoto watakula nini.

Nyuma yake kuna turubai tu. Hakuna mti, hakuna gari, hakuna mtu anayepita. Mwanga ni laini kwa sababu kulikuwa na mawingu. Hakuna kivuli kikali kinachokata uso. Na kamera iko chini, karibu usawa wa macho ya mama aliyeketi. Hatumwoni kutoka juu, kama bwana anayemtazama mtumishi. Tunamwona kama jirani aliyeketi naye.

7. Kilichotokea baadaye

Dorothea alifika nyumbani, akasafisha picha, akazipeleka kwenye gazeti la San Francisco. Gazeti likatoa habari ya njaa ya Nipomo. Serikali ikapeleka ratili 20,000 za chakula, yaani karibu kilo 9,000. Watu wa kambi ile wakala.

Lakini yule mama na watoto wake hawakukila chakula hicho. Walikuwa wameshahama kwenda kutafuta kazi kwingine.

Tena kuna jambo jingine. Siku ile Dorothea alikuwa amechoka, na hakumwuliza mama yule jina lake. Picha ilichapishwa katika magazeti na vitabu vingi. Watu wakaiita Mama Mhamiaji. Dorothea hakuwa akiuza picha ile, maana ilikuwa mali ya serikali, lakini ilimpa sifa kubwa. Mama mwenyewe hakupata kitu, na hakuna aliyemjua.

Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti alimpata. Aliitwa Florence Owens Thompson, mtu wa kabila la Wacherokee, mzaliwa wa Oklahoma. Alipopigwa picha alikuwa na umri wa miaka 32 na watoto saba. Alikuwa na uchungu. Alisema hakuulizwa jina na hakupata hata senti moja. Dorothea aliwahi kuandika kuwa familia ile ilikuwa imeuza matairi ya gari ili inunue chakula. Familia ilikanusha. Walisema gari lilikuwa limeharibika tu, na wanaume walikuwa wamekwenda kulitengeneza.

Mwaka 1983 Florence aliugua sana. Watoto wake waliomba msaada kwa umma. Watu walioikumbuka picha yake walituma zaidi ya dola 30,000, pamoja na barua nyingi. Wengi walimwandikia kuwa uso wake uliwapa moyo katika shida zao. Watoto wake walisema kuwa hapo ndipo walipoanza kuionea fahari picha ile. Florence alifariki mwaka huo huo.

Unaona, ndugu msomaji? Kusogea karibu na mtu kwa kamera si kazi yote. Inatupasa kusogea pia kwa heshima. Uliza jina. Omba ruhusa. Eleza picha itakwenda wapi. Maneno utakayoandika chini ya picha yawe ya kweli. Picha iliyopangwa vizuri huaminiwa na watu, kwa hiyo uongo wake nao huaminiwa.

8. Kidole kwenye pembe

Katika picha ile ya mama mhamiaji palikuwa na dosari ndogo. Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kilionekana kidole gumba kilichoshika mti wa hema. Kidole hicho hakikuwa na maana katika picha. Kilivuta jicho bure. Dorothea alikichukia, na baada ya miaka michache alikifuta kwenye filamu. Mkubwa wake wa kazi hakupendezwa, kwa sababu picha ilikuwa ushahidi, na ushahidi haubadilishwi.

Sisi tujifunze hapa. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho katika pembe zote nne za picha. Je, kuna mkono wa mtu asiyehusika? Kuna ndoo? Kuna mbwa aliyekatwa nusu? Sogea hatua moja kushoto au kulia, au mwombe mtu aondoe kile kitu. Ni rahisi kurekebisha kabla ya kupiga kuliko baada ya kupiga.

9. Matuta na barabara

Mwaka 1937 na 1938 Dorothea alipiga picha nyingine mashuhuri.

Moja inaonyesha nyumba ya mkulima huko Texas, peke yake katikati ya shamba. Hakuna mtu. Mistari ya matuta yaliyolimwa kwa trekta inatoka mbele ya picha na kwenda mpaka nyumbani. Jicho lako linafuata mistari hiyo mpaka linafika kwenye nyumba tupu. Huhitaji kuambiwa kuwa trekta limewafukuza wenye nyumba. Matuta yenyewe yanakueleza.

Nyingine inaonyesha barabara ndefu, imenyooka kwenda mbali hata inakuwa nyembamba kama uzi. Barabara hii walipita wahamiaji. Ukiitazama unahisi urefu wa safari yao.

Nyingine inaonyesha wanaume wawili wakitembea kando ya barabara na mizigo yao. Karibu nao kuna tangazo kubwa la treni, lenye picha ya mtu anayestarehe kitini. Dorothea aliweka mambo mawili katika picha moja: mwenye raha na wenye taabu. Tofauti yao ndiyo habari.

Wewe nawe una mistari mingi kijijini kwako. Kuna njia ya mguu, matuta ya mihogo, ukingo wa mfereji, safu ya minazi au migomba, uzio wa zizi. Ukitaka kupiga picha ya bibi akitoka kisimani, simama mahali ambapo njia inaanzia mbele yako na kwenda mpaka alipo. Njia itamwongoza mtazamaji mpaka kwa bibi.

10. Picha zilizofungiwa

Desemba 1941 Japani iliishambulia Marekani, na nchi hizo zikaingia vitani. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakamata watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani na kuwaweka katika makambi yenye walinzi. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Hawakuwa wameshtakiwa kwa kosa lolote.

Serikali ilimwajiri Dorothea kupiga picha za kazi hiyo. Alikubali, lakini alipiga alichokiona. Katika picha moja yuko mtoto wa kike wa shule, ameweka mkono kifuani, anaapa utii kwa bendera ya Marekani. Kamera iko chini, usawa wa mtoto. Unamwona machoni. Unajiuliza: mtoto huyu ni adui wa nani?

Jeshi halikupenda picha hizo. Zilifungiwa wakati wote wa vita, na kwa miaka mingi baadaye watu wachache tu waliziona. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi na kuwalipa fidia wale waliokuwa hai. Leo picha za Dorothea ni ushahidi wa dhuluma ile.

11. Mwisho wa maisha yake

Baada ya vita Dorothea aliugua mara kwa mara. Hata hivyo, alipopata nafuu alisafiri na mumewe katika nchi za Asia na Misri, akipiga picha.

Mwaka 1964 alitambua kuwa ana kansa. Wakati huo jumba kubwa la sanaa la New York lilikuwa limeomba kuonyesha picha zake. Alitumia miezi yake ya mwisho kuchagua picha na kuzipanga, ipi ikae karibu na ipi. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1965, akiwa na umri wa miaka 70. Maonyesho yalifunguliwa Januari 1966. Hakuyaona, lakini kazi ya kuyapanga alikuwa ameimaliza.

12. Mambo ya kukumbuka

Ndugu msomaji, siku hizi watu wengi vijijini wana simu yenye kamera. Wewe unaweza kupiga picha ya mwanao, ya daraja lililovunjika, au ya mahindi yaliyoshambuliwa na wadudu ili umwonyeshe bwana shamba. Kumbuka mambo haya:

(a) Amua jambo moja kubwa la picha yako.
(b) Sogea karibu. Ondoa visivyohusika.
(c) Tazama nyuma ya mtu. Pasiwe na mti au nguzo kichwani pake.
(d) Tazama pembe zote nne.
(e) Tazama mwanga unatoka wapi. Jua lisiwe nyuma ya mtu. Jua la mchana likiwa kali, mweke mtu kivulini, chini ya baraza au mti.
(f) Shusha kamera iwe usawa wa macho ya mtu, hasa mtoto au mtu aliyeketi.
(g) Tumia njia, matuta na safu za miti kuongoza macho.
(h) Salimia, omba ruhusa, uliza jina, uliandike.

Ukipiga picha ya mahindi yenye wadudu, usipige shamba zima. Sogea mpaka kwenye jani moja lenye mdudu. Weka kidole chako kando yake ili bwana shamba ajue ukubwa wake. Hapo kidole kina kazi. Kisha piga picha ya pili kutoka mbali, aone shamba limeathirika kiasi gani.

Dorothea Lange hakuzaliwa na kamera mkononi. Alijifunza kwa kutazama. Nawe anza leo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Dorothea aliacha kazi ya studio na kushuka barabarani?
2. Eleza jinsi alivyobadilisha picha yake hatua kwa hatua katika kambi ya Nipomo.
3. Je, Florence alikuwa na haki ya kuwa na uchungu? Toa sababu zako.
4. Tazama picha moja uliyo nayo nyumbani. Ina kosa gani? Ungesimama wapi ili kulirekebisha?
5. Ni jambo gani kijijini kwenu linalofaa kupigwa picha ili viongozi walione? Utalipangaje?